Je, Wajua? Bustani Inapofufuka Baada ya Kiangazi

Je, wajua kwamba udongo uliokauka kupita kiasi huyakataa maji? Mabaki ya mimea huacha nta inayozifunika chembe za udongo, hasa ule wa kichanga kama wa pwani. Jua la Januari na Februari likishaukausha, mvua ya kwanza huteleza juu juu na kuishia mtaroni. Chimba kidogo manyunyu yakikatika: juu tope, chini vumbi tupu. Dawa yake ni kumwagilia kidogo, kungoja, kisha kumwagilia tena.

Je, wajua kwamba siri ya mvua ya kwanza ilichunguzwa hapa hapa kwetu? H. F. Birch, mtafiti wa udongo katika kituo cha Muguga, nje kidogo ya Nairobi, alichapisha mwaka 1958 matokeo ya majaribio yake. Udongo ukikauka sana kisha ukalowa, vijidudu vyake huamka kwa kishindo: hula mabaki ya mimea kwa kasi, hutoa hewa ukaa kwa wingi, na kuachia naitrojeni ambayo mimea huifyonza. Ukame ukiwa mrefu, vurugu hiyo huwa kubwa zaidi. Mpaka leo wanasayansi duniani huitaja kwa jina la Birch. Hiyo, ndugu msomaji, ni mbolea ya bure, ila haikai. Mvua kubwa zikifululiza huizamisha kusikofikiwa na mizizi. Kwa hiyo bibi anayewahi kusia mbegu mawingu yakianza tu kutanda si mtu wa pupa. Anaidaka naitrojeni kabla haijazama, na wala hajawahi kukanyaga maabara.

Harufu ile ya ardhi iliyolowa nayo ina mwenyewe. Sehemu kubwa ni geosmini, inayotengenezwa na bakteria wa udongoni, na pua ya binadamu huinasa hata ikiwa kidogo mno.

Je, wajua nyungunyungu walikuwa wapi muda wote huo? Wengi hushuka chini, wakajikunja kama fundo ndani ya kijishimo kilichopakwa ute, wakalala hadi unyevu urudi. Konokono mkubwa wa pwani yetu hujiziba mlango wa gamba na kulala miezi kadhaa. Akiamka ana njaa, na miche yako ndiyo kwanza inachipua. Mwokote jioni au alfajiri, na uvae glavu au mfuko mkononi, maana huweza kubeba vimelea.

Je, wajua kwamba boga linalonyauka saa saba mchana huenda halina shida yoyote? Majani yanapoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoyaleta, basi. Litazame alfajiri. Likiwa bado limelegea, hapo ndipo ukimbilie ndoo.

Nyanya zina visa zaidi. Joto la mchana likipita nyuzi 35, chavua huharibika na maua hupukutika. Si uchawi wa jirani wala mbegu mbovu, na hali ya hewa ikipoa mmea ulionusurika huanza kushika matunda. Kisha huja kuoza kitako, lile doa jeusi chini ya tunda. Watu hukimbilia duka la pembejeo kununua dawa ya ukungu, na hela hupotea, kwa sababu doa hilo si ugonjwa wa kuambukiza. Kalsiamu husafiri na maji ndani ya mmea. Leo mafuriko, kesho ukame, basi tunda huikosa. Matandazo ya nyasi kavu na umwagiliaji usiorukaruka husaidia kuliko chupa yoyote.

Je, wajua kwa nini muhogo uliochimbwa muda mfupi baada ya mvua kuanza huwa na majimaji? Wakati wa ukame ulipukutisha majani ili kuokoa maji. Mvua ikirudi, huchota wanga mizizini kutengeneza majani mapya. Kisamvu unachokifurahia kimelipiwa na muhogo wenyewe.

Mlimau nao hutoa maua kwa wingi ukipata maji baada ya kiu. Wakulima wa Sicily, Italia, wameigeuza tabia hiyo kuwa biashara: huinyima miti maji kwa makusudi majira ya joto, kisha huimwagilia kwa wingi ichanue nje ya msimu.

Je, wajua jinsi ya kupima kama mti uliokauka umekufa kweli? Kwaruza gome la tawi kwa ukucha. Ukiona kijani, weka panga chini. Na usiupe urea leo: chumvi zake huzidi kuvinyima maji vijizizi vilivyochoka. Ngoja uchipue kwanza.

Mwisho, hesabu ya bati. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 50 za mraba likinyeshewa milimita 10 hupokea lita 500, yaani madumu 25 ya lita 20, ukiacha kiasi kidogo kinachopotea njiani. Mvua ya masika huweza kumwaga kiasi hicho kabla wali haujaiva, kwa hiyo funga mfereji wa paa mapema.