Kibodi imelala? Pico yako haijailisha

Tuseme uko hapa Kangeta na unaunda kijisanduku cha kuhesabia vibunda vya miraa. Raspberry Pi Pico unayo, betri umeunga kwa pini ya VSYS, kibodi umechomeka kwa waya wa OTG, programu ya TinyUSB iko ndani. Taa ya Pico inawaka. Kibodi, kimya.

Kwa USB, mwenyeji ndiye hulisha mgeni, volti 5. Pico ikichomekwa kwa laptopu ni mgeni. Ikichomekewa kibodi, imekuwa mwenyeji. Lakini kati ya VBUS na VSYS kuna dayodi inayoruhusu stima kuingia tu. Ya betri haifiki kwa kibodi hata ungoje hadi kesho.

Toa betri, kata waya wa chaja kuukuu. Mwekundu pini 40 (VBUS), mweusi pini 38 (GND). Pima na mita kwanza, waya za bei poa hudanganya rangi. Pico nayo itakula hapo hapo. Pini 36 achana nayo, hiyo ni volti 3.3.

Na ukirudi kwa laptopu kubadilisha programu, chomoa chaja kwanza. Usipochomoa, stima yake inaweza kuingia laptopu kinyumenyume. Pico ilizinduliwa 2021 kwa dola 4. Laptopu yako je?