Kwa Nini Lava Nyingine Hukimbia na Nyingine Hutambaa

Wasikilizaji wetu, wengi wetu twajua ya kuwa chini sana ya ardhi mna mahali ambapo mawe yameyeyuka kwa joto, na ya kuwa mawe hayo yakipata njia hutoka katika milima ya moto, nayo yakitoka huitwa lava. Lakini si wengi wajuao ya kuwa lava si ya namna moja. Iko ikimbiayo kama mto uliofurika, na iko itambaayo hata mzee mwenye mkongojo aweza kuiacha nyuma. Kwa watu wakaao chini ya milima hiyo, tofauti hii ni jambo la uhai na mauti. Sababu zake kubwa ni mbili: vitu vilivyomo ndani ya lava, na joto lake.

Na tuanze na vitu vilivyomo. Kila mpishi ajua ya kuwa uji wa unga mchache huwa mwepesi, na wa unga mwingi huwa mzito. Katika lava, kazi ya unga hufanywa na silika, ambayo ndiyo asili ya kioo, nayo imo kwa wingi katika mchanga wa mito mingi. Chembe za silika hushikana kama watu walioshikana mikono, zikafanya minyororo na nyavu zizuiazo mwendo. Chuma, magnesi na sodiamu huikata minyororo hiyo. Basi lava ambayo silika yake ni nusu ya uzito wake, au pungufu, hutiririka kwa wepesi. Bali ile yenye sehemu 70 katika 100 yaweza kuwa nzito kuliko hiyo mara mamilioni.

Sababu ya pili ni joto. Samli huganda chupani asubuhi ya baridi, na ikiwekwa juani humiminika. Lava nayo ni vivyo hivyo, maana joto hulegeza mishiko ya chembe zake. Lava nyepesi aghalabu hutoka ikiwa na joto la digrii 1,100 hata 1,200 za sentigredi. Ile yenye silika nyingi mara nyingi hutoka na digrii 700 hata 900 tu, na kwa hiyo uzito wake huzidi. Tena kila lava, ikiisha kutoka, hupoa njiani, ikafanya gamba juu, na mwendo wake hupungua mpaka ikasimama na kuwa jiwe.

Twaweza kupima nguvu ya sababu hizi mbili kwa kuutazama Ol Doinyo Lengai, mlima ulio kaskazini mwa Tanzania, karibu na Ziwa Natron. Lava yake ya kawaida haina silika ila kidogo mno. Imejaa chumvi za jamii ya magadi. Joto lake ni kama digrii 500 hata 600 tu, lakini ni nyepesi kuliko lava zote zijulikanazo! Hutoka nyeusi, kisha ikipata unyevu hugeuka nyeupe. Hapo twaona ya kuwa vitu vilivyomo vyaweza kuushinda upungufu wa joto.

Sasa tuangalie hatari zake. Mlima Nyiragongo, ulio upande wa mashariki wa Kongo, una lava ya moto sana, na silika yake ni kama sehemu 40 tu katika 100. Tarehe 10 Januari 1977 mbavu za mlima zilipasuka, na ziwa la lava lililokuwa kileleni likamwagika lote kwa muda usiofika saa moja. Kwenye mitelemko mikali mwendo wake ulikadiriwa kufika kilometa 60 kwa saa, na watu wengi hawakupata nafasi ya kukimbia. Tarehe 17 Januari 2002 lava iliingia mji wa Goma, ikafika hata Ziwa Kivu. Lakini mjini mtelemko ni mdogo, mwendo ukawa wa polepole zaidi, na watu laki kadhaa wakaokoka kwa kukimbia.

Je, lava nzito ni salama, kwa kuwa haikimbii? Sivyo kabisa. Ndani ya lava mna mvuke na hewa nyingine. Katika lava nyepesi mapovu hupanda na kutoka kama katika maji yachemkayo. Katika lava nzito hufungwa, nguvu zikakusanyika mpaka mlima ukalipuka. Katika kisiwa cha Martinique, tarehe 8 Mei 1902, wingu la majivu na hewa ya moto liliteremka kutoka mlima Pelée likauangamiza mji wa Saint-Pierre kwa dakika chache. Watu kama 28,000 walikufa. Baadaye lava nzito ya mlima huo ilisukumwa juu ikasimama kama nguzo, urefu wake kama meta 300.

Tena mlima waweza kubadili tabia. Mwaka 2007 Lengai, uliozoea kutoa lava nyepesi, ulipata lava ya silika kutoka chini. Ukalipuka na kurusha majivu juu sana, mpaka mwaka 2008. Kwa hiyo akaaye karibu na mlima wa moto asitegemee mazoea ya jana. Wataalamu wakitoa onyo, na aondoke mapema, hata kama wazee wake waliwahi kuiona lava ikipita polepole.