Mwanga wa leza na maumivu ya kisugudi

MWASHI anaposhindwa kushika mwiko, au seremala anapohisi kama anadungwa sindano kila akikaza skurubu, mara nyingi kinachomsumbua ni maradhi yaitwayo ‘kisugudi cha tenisi’, hata kama hajawahi kushika raketi maishani mwake.

Jina hilo lilitokana na wachezaji wa tenisi wa Uingereza katika miaka ya 1880. Hata hivyo, daktari Mjerumani, Runge, alikuwa ameyaeleza maradhi hayo tangu 1873, na aliyemhusisha nayo si mwanamichezo bali mtu wa kalamu. Mwaka wa 2004, yalimweka nje ya uwanja nyota wa kriketi wa India, Sachin Tendulkar.

Chanzo ni kano inayoshikanisha misuli ya kuinua kiganja na mfupa ulio upande wa nje wa kisugudi. Mkono unapokunja na kukaza kitu kile kile siku nenda siku rudi, nyuzi za kano huchakaa kuliko mwili unavyoweza kuzikarabati. Wengi wanaougua ni wa umri wa kati ya miaka 35 na 55, yaani wakati ambapo familia inautegemea mkono huo.

Miongoni mwa tiba zinazotolewa katika kliniki za tibamaungo ni mwanga wa leza ya nguvu ndogo. Hii si ile leza ya upasuaji inayokata nyama. Haichomi, na mgonjwa huenda asihisi chochote. Asili yake ni jaribio la Endre Mester, daktari wa Budapest, aliyegundua mwaka wa 1967 kwamba nywele za panya aliowamulika ziliota upesi kuliko za wale ambao hawakumulikwa. Wanasayansi wanaeleza kuwa mwanga huo hufyonzwa na mitokondria, sehemu za seli zinazozalisha nishati, na hivyo kupunguza uvimbe na kuhimiza ukarabati.

Je, inafaa? Jibu linategemea mashine na mkono wa anayeishika. Uchambuzi uliochapishwa 2008, ukiongozwa na mtafiti wa Norway, Jan Bjordal, ulijumlisha majaribio 13 yenye wagonjwa 730. Leza yenye urefu wa wimbi wa nanomita 904, ikielekezwa moja kwa moja kwenye kano, ilipunguza maumivu kwa muda mfupi. Zile za nanomita 820 na 1,064 hazikuonyesha manufaa. Kwa hivyo, anayetangaza ‘tiba ya leza’ bila kutaja ni leza gani hajamwambia mgonjwa lolote la maana.

Ushindani mkubwa wa leza ni sindano ya steroidi, inayopendwa kwa kuleta nafuu ya haraka. Nafuu hiyo ina gharama. Katika utafiti wa Australia uliochapishwa 2006 na kuhusisha wagonjwa 198, waliodungwa walikuwa na hali bora kuliko wenzao baada ya wiki sita, lakini takriban asilimia 72 yao walirudiwa na maumivu baadaye. Mwaka ulipotimia, walikuwa nyuma ya waliofanyiwa tibamaungo, na hata ya walioshauriwa kungoja tu.

Naam, kungoja. Wagonjwa wengi hupona katika kipindi cha mwaka mmoja, jambo ambalo muuza tiba hana sababu ya kulitaja. Lakini kibarua anayelipwa kwa siku hawezi kuambiwa akae mwaka mzima akingoja. Kwake, wiki chache za nafuu zina thamani, mradi azitumie kufanya mazoezi ya kuimarisha kano: kushusha polepole kiganja kilichoshika uzani mdogo, mara kadhaa kwa siku.

Anayekwenda kumulikwa anapaswa kupewa miwani maalumu, kwa kuwa miale hiyo inaweza kuharibu macho. Haifai kuelekezwa mahali penye saratani. Naye anayehisi ganzi vidoleni, au ambaye kisugudi chake kimevimba na kupata joto, amwone daktari kwanza, kwani hizo si dalili za kawaida za maradhi haya.