Kindle ya Zamani Bado Inasoma; Mpya ya Nini?

Kindle ya kwanza, kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu vya kielektroniki, ilipoingia sokoni Marekani tarehe 19 Novemba 2007, bei yake ilikuwa dola 399, na zote zikaisha ndani ya saa tano na nusu. Ilikuwa nyeupe, yenye vitufe vingi chini ya kioo, na haikuwa na taa. Giza likiingia, msomaji alihitaji balbu sawa na anayesoma gazeti. Tangu hapo Amazon imetoa matoleo mengi, Kobo ya Kanada nayo imejipatia wasomaji wake, na wenye vifaa vya zamani wanajiuliza: kama hiki bado kinasoma, kuna haja gani ya kingine?

Simu huchoka mapema na kumlazimisha mwenyewe anunue nyingine. Kifaa cha kusomea vitabu hudumu, na siri iko kwenye kioo. Wino wa kielektroniki, uliobuniwa katika chuo cha MIT miaka ya 1990, ni vidonge vidogo mno vilivyojaa chembe nyeupe na nyeusi, rangi moja ikiwa na chaji chanya na nyingine chaji hasi. Umeme ukipita, chembe za rangi moja hupanda na za rangi nyingine huzama, herufi zikajichora. Zikishajichora hubaki hapo bila kula umeme, mpaka ukurasa ufunuliwe. Ndiyo maana chaji moja hukaa wiki kadhaa, na macho hayachomwi na mwanga kama kwenye simu.

Basi kilichobadilika ni nini? Kubwa kuliko yote ni taa. Paperwhite ya 2012 ndiyo Kindle ya kwanza kuwa na taa inayomulika kioo kutokea pembeni, ikiwa na nukta 212 kwa kila inchi. Mwaka 2015 nukta zikafika 300, na maandishi yakakaribia ya kitabu kilichochapwa. Toleo la 2018 halidhuriki likitumbukia majini, na la 2021 likaleta mwanga wa manjano kwa msomaji wa usiku pamoja na tundu la chaji la USB-C, lile lile la simu nyingi za leo.

Kisha ikaja rangi. Kobo walitoa vifaa vya rangi mwaka 2024, na Amazon wakafuata mwaka huo huo kwa Colorsoft. Kwa vitabu vya watoto na ramani ni neema. Kwa riwaya, rangi haimwongezei msomaji kitu: picha za rangi zina nusu tu ya nukta za maandishi meusi, na kichujio cha rangi hukifanya kioo kiwe na giza kidogo.

Jambo linalostahili kumshughulisha mnunuzi zaidi ni vitabu vyenyewe. Alivyonunua dukani vimefungwa kwenye akaunti, hivyo akiingia kwa akaunti ile ile kwenye kifaa kipya atavikuta. Lakini anacholipia ni ruhusa ya kusoma. Julai 2009 Amazon ilifuta vitabu viwili vya George Orwell kutoka kwenye Kindle za wateja, kwa kuwa aliyeviuza hakuwa na haki navyo. Jeff Bezos, mwanzilishi wa Amazon, aliomba radhi baadaye. Februari 2025 kampuni hiyo iliondoa njia ya kupakua vitabu vilivyonunuliwa kwenye kompyuta na kuvihamisha kwa waya. Mwenye maktaba kubwa alijue hilo kabla ya kuchagua kampuni.

Faili alizoingiza mwenyewe kwa waya, kwa mfano hadithi za bure za Kiswahili kutoka African Storybook, hazitamfuata. Azinakili kwenye kompyuta kwanza, pamoja na faili liitwalo My Clippings, ambamo mistari yote aliyoipigia alama imehifadhiwa. Kuna waliopoteza kumbukumbu za usomaji wa miaka kwa kulisahau faili hilo dogo.

Mwenye kifaa kisicho na taa anunue kipya. Tofauti ataiona usiku wa kwanza. Mwenye Paperwhite ya 2018 ambayo betri yake bado ni nzima hana sababu ya kuharakisha, fedha hizo azinunulie vitabu. Na anayempa mtoto au jirani kifaa chake cha zamani akiondoe kwanza kwenye akaunti yake, kwa sababu kadi ya benki iliyosajiliwa humo inaweza kuendelea kulipia vitabu.