Kolwezi: Donge la madini likivunjika, shaba inabaki kwenye rundo

Katika ukanda wa shaba wa Lualaba, swali la kwanza huwa: madini yana asilimia ngapi? Lakini kwenye viwanda vinavyotoa shaba kwa kumwagia asidi rundo la mawe, kama ilivyofanyika Kipoi, Haut-Katanga, tangu 2014, kuna swali jingine: je, donge lina nguvu?

Madini ya tabaka za juu, kama malakiti ya kijani, mara nyingi huja na udongo wa mfinyanzi. Yakipondwa, vumbi linakuwa jingi. Likipelekwa kwenye rundo hivyo hivyo, linashuka na maji, linaziba njia, na asidi inatuama juu. Shaba ya katikati haiguswi.

Ndiyo maana mawe yaliyopondwa huzungushwa kwanza ndani ya pipa kubwa pamoja na maji na asidi ya salfa. Vumbi linashikamana na vipande vikubwa, yanakuwa madonge. Maji ni kama kwenye bukari: yakipungua, unga unabaki mkavu, yakizidi, unakuwa uji.

Kipimo cha haraka ni mkono: fundi anafinya donge na kutazama kama linashikana. Maabara huenda mbali zaidi. Madonge huwekwa juu ya chekecheo na kuzamishwa majini, kisha vumbi lililopita chini hukaushwa na kupimwa uzito. Likiwa jingi, donge ni dhaifu. Kipimo kingine ni kulibana donge kati ya sahani mbili za chuma hadi lipasuke.

Kwa madonge ya chuma yaliyochomwa kwa ajili ya tanuru, kanuni ya kimataifa ISO 4700 inataka yapimwe angalau 60, moja baada ya jingine. Wastani peke yake hautoshi: machache dhaifu yanatosha kujaza vumbi.

Mvua za Kolwezi, zinazonyesha hadi Aprili, huongeza mzigo. Rundo lisilopitisha maji linakuwa zito na linaweza kuteleza. Hatari ya marundo ya namna hii ilionekana Uturuki tarehe 13 Februari 2024: rundo la mgodi wa dhahabu wa Çöpler liliporomoka na kuua wafanyakazi 9.

Kupima donge, basi, ni kulinda shaba, na pia watu wanaofanya kazi chini ya rundo.