Ukitafuta Kazi Mtandaoni, Angalia Pesa Zinaenda Upande Gani

Si zamani sana, kutafuta kazi Nairobi kulimaanisha bahasha ya kaki, viatu vilivyolika soli na kuzunguka kwa miguu kutoka lango moja la Industrial Area hadi lingine. Leo bahasha imeingia kwenye simu. Unafungua BrighterMonday, Fuzu au LinkedIn ukiwa ndani ya matatu, na kabla hujashuka ushatuma maombi mawili. Nauli umeokoa. (Hata chai ya mlinzi wa lango umeokoa.)

Shida huanza pale ujumbe unapoingia: "Hongera! Umechaguliwa kuwa mhudumu wa ghala, mshahara Sh35,000. Tuma Sh850 za uchunguzi wa afya kabla ya saa kumi leo." Angalia hesabu ya tapeli hapo. Kiasi ni kidogo ili usione uchungu kutuma, na muda ni mfupi ili usipate nafasi ya kuuliza mtu. Ukilipa hizo, kesho utaambiwa sare, kesho kutwa kitambulisho cha kazi. Kabla hujathibitisha malipo, soma jina linalotokea kwenye simu. Tangazo linasema supamaketi kubwa, jina ni la mtu binafsi? Usitume. Na hata likiwa jina la kampuni, bado jiulize kwa nini mwajiri anataka umlipe wewe, ilhali yeye ndiye anafaa kukulipa.

Kuna gharama za kweli, lakini hizo hazipitii kwa mwajiri. Cheti cha maadili mema, maarufu kama good conduct, unakiomba mwenyewe kwenye eCitizen na kulipa Sh1,050 kupitia Paybill 222222. PIN ya KRA ni bure. Kutuma maombi kwa Tume ya Utumishi wa Umma pia ni bure. Ukienda saiba utalipia kazi ya yule anayekujazia fomu, na hiyo ni haki yake. Kwa kazi za Saudia, Qatar na kwingineko, tafuta kwanza jina la wakala kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na uhakikishe leseni yake haijaisha.

Sasa tuje kwa mtego ambao naona unawanasa hata wajanja: zile kazi za "ku-like" video zinazoletwa na namba usiyoijua, WhatsApp au Telegram. Hawa hawaanzi kwa kuomba. Wanaanza kwa kulipa. Una-like video tatu, Sh150 zinaingia kwenye simu yako kweli, na unamwambia rafiki. Siku ya pili kuna kazi za "VIP", ila uweke Sh2,000 kwanza. Kwenye ukurasa wao salio lako linapanda hadi Sh9,000, ukitaka kutoa unaambiwa ulipe "kodi" kwanza. Tarakimu hizo yeyote anaweza kuziandika. Pesa zako ni zile zilizo kwenye salio lako la simu, basi.

Mwingine atakuambia huhitaji kutoa hata shilingi: pokea tu pesa kwenye laini yako, zitume kwingine, ubaki na kamisheni. Inaonekana rahisi kuliko zote, na kwangu ndiyo hatari kuliko zote. Laini imesajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama pesa hizo ziliibwa, polisi wakizifuata watakutana na jina lako kwanza, na aliyekuajiri atakuwa ameshazima simu. Usikubali, na usimpe mtu laini wala PIN yako kwa sababu ya kazi. Vilevile, usiweke namba ya kitambulisho kwenye CV. Mwajiri wa kweli ataiomba akishakuajiri.

Kama ulishatuma pesa, piga simu huduma kwa wateja saa hiyo hiyo. Pesa zikishatolewa kwa ajenti, kuzirudisha ni vigumu mno. Usifute jumbe, ziweke pamoja na namba ya muamala, nenda kituo cha polisi ukaandikishe taarifa, na uombe namba ya OB. Halafu mtu akikupigia wiki ijayo akidai anaweza kukurudishia pesa zako kwa ada ndogo tu, kata simu. Huenda ni yule yule.