Walioshindwa Wanapoitwa Bungeni: Hesabu ya Viti vya Morisi

Novemba 10, 2024 wapiga kura wa Morisi waliwafagia waliokuwa madarakani. Viti vya kugombewa ni 62. Muungano wa Navin Ramgoolam ulizoa vyote 60 vya kisiwa kikuu, na viwili vya kisiwa cha Rodrigues vikabaki kwa watu wa huko huko. Muungano uliokuwa ukitawala hadi siku ile haukuambulia hata kiti kimoja cha jimbo. Bunge lilipokutana, hata hivyo, kiongozi rasmi wa upinzani alikuwepo: Joe Lesjongard, ambaye naye alikuwa ameangushwa jimboni kwake. Hakuingia bungeni kwa kuteuliwa na rais, wala kwa kushinda rufaa mahakamani. Aliingia kwa kifungu cha katiba kinachogawa viti vya nyongeza, visivyozidi 8, kwa wagombea walioshindwa kwa kura nzuri. Huo ndio mfumo wa mshindwa bora.

Sisi wa Afrika Mashariki tumezoea viti maalumu vya wanawake na wabunge wa kuteuliwa, kwa hiyo mtu anaweza kudhani hili ni lile lile kwa jina jingine. Silo. Viti hivi vya Morisi havina uhusiano na jinsia wala hisani ya mkuu wa nchi. Vinagawanywa kwa kuangalia mgombea ni wa jamii gani, kwa hesabu ya kugawanya iliyoandikwa ndani ya katiba yenyewe.

Waingereza walikitwaa kisiwa hicho kutoka kwa Wafaransa mwaka 1810. Wafaransa walikuwa wamekijaza watumwa kutoka Madagaska, Msumbiji na pwani yetu hii. Mwaka 1776 mfanyabiashara wao, Morice, aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka. Utumwa ulipofutwa mwaka 1835, wenye mashamba ya miwa waligeukia India, na hadi mwanzoni mwa karne ya 20 vibarua wa mkataba karibu nusu milioni walikuwa wameshushwa Port Louis. Wakaja pia wafanyabiashara wa Kichina. Uhuru ulipoanza kuzungumzwa kwa dhati, Wahindu peke yao walikuwa zaidi ya nusu ya wananchi, na wengine wote wakaanza kupiga hesabu za kesho yao.

Hesabu hizo zilifikishwa Lancaster House, London, Septemba 1965, katika jengo lile lile ambamo katiba ya Kenya ilikuwa imebishaniwa miaka michache nyuma. Chama cha Labour cha Seewoosagur Ramgoolam, baba yake Navin, kilitaka uhuru. Chama cha PMSD, chenye nguvu miongoni mwa Wakrioli, yaani wazao wa watumwa, na wazungu wenye asili ya Ufaransa, kilitaka nchi ibaki imeshikamana na Uingereza. Waislamu nao, ambao wengi wao wana asili ya India lakini si Wahindu, walidai dhamana. Mwaka 1966 tume ya Banwell ilichora majimbo 20 ya wabunge watatu watatu, ikaongeza wawili wa Rodrigues. Njia iliyopendekeza ya kuwalinda wachache ilikataliwa na Labour, ikabidi waziri wa Uingereza, John Stonehouse, aende mwenyewe kusuluhisha. Viti 8 vya nyongeza ni zao la suluhu hiyo.

Hofu ya wachache hao haikuwa ya kubuni. Zanzibar, Julai 1963, chama cha Afro-Shirazi kilipata asilimia 54 hivi ya kura na kuambulia viti 13 kati ya 31. Vyama viwili pinzani vilivyoungana vikawa na 18 na kuunda serikali. Mapinduzi yaliyofuata Januari 1964 hayahitaji kusimuliwa hapa. Mchoro wa majimbo ukikaa vibaya, kura nyingi hazimfikishi mtu ikulu.

Sasa tuingie katika hesabu yenyewe. Katiba inazitambua jamii nne: Wahindu, Waislamu, Wachina, na wote waliobaki. Idadi zinazotumika ni za sensa ya 1972: Wahindu 428,167, Waislamu 137,081, Wachina 24,084, waliobaki 236,867. Kwa kila jamii, chukua idadi ya watu, igawe kwa viti ilivyoshinda ukijumlisha kimoja. Tuseme, kwa mfano tu, Wahindu wameshinda viti 37, Waislamu 7, Wachina 1 na waliobaki 17. Waislamu: 137,081 kugawa kwa 8 ni 17,135. Waliobaki: 236,867 kwa 18 ni 13,159. Wachina wanapata 12,042, Wahindu 11,268. Kiti cha kwanza kinakwenda kwa Mwislamu aliyeshindwa kwa asilimia kubwa zaidi ya kura jimboni mwake, mradi alisimama kwa tiketi ya chama. Kisha hesabu inaanza upya, Waislamu sasa wakiwa na viti 8. Katika mfano huu wangechukua vitatu vya kwanza, cha nne kikaenda kwa waliobaki.

Hivyo ni viti vinne vya mwanzo. Vinne vya mwisho ndivyo vinavyofichua akili ya walioutunga mfumo huu, na kwa maoni yangu ndivyo vilivyoufanya udumu. Hivyo hurudisha uwiano wa vyama uliovurugwa na vile vya mwanzo. Uchaguzi wa 1967, uliokuwa kama kura ya uhuru, uliupa muungano wa Seewoosagur Ramgoolam viti 39 na PMSD 23. Baada ya nyongeza wakawa 43 kwa 27. Pengo lilikuwa 16 na likabaki 16. Wachache waliongezewa sauti, mwenye wingi hakupunguziwa chochote. Labour isingekubali vinginevyo.

Lakini hebu itazame jamii ile ya nne. Ndani yake amewekwa mjukuu wa mtumwa aliyesafirishwa kutoka Kilwa pamoja na mjukuu wa mwenye shamba aliyemnunua. Wakihesabiwa, wote wawili ni kundi moja, na kiti cha mmoja kinahesabika kuwa kiti cha mwenzake. Februari 1999 mwanamuziki Kaya alifia mahabusu na vitongoji vya Wakrioli vikawaka moto kwa siku kadhaa. Hakuna kiti cha nyongeza kilichokuwa kimeibeba hasira ile.

Kuna pia hiyo sensa. Tangu 1972 serikali haijauliza tena watu ni wa jamii gani, kwa hiyo mbunge wa leo anapatikana kwa idadi ya watu iliyohesabiwa zaidi ya nusu karne iliyopita. Mgombea alilazimika kutaja jamii yake kwenye fomu, la sivyo jina lake halikupokelewa. Wanaharakati wa Rezistans ek Alternativ walikataa, shauri likafika Umoja wa Mataifa, na mwaka 2012 Kamati ya Haki za Binadamu ikaona kuwa sharti hilo, bila takwimu mpya, linakiuka haki ya kugombea. Morisi ilijibu mwaka 2014 kwa marekebisho ya muda: asiyetaka kutaja asitaje, kwa uchaguzi wa mwaka ule tu.

Ufumbuzi wa kudumu umependekezwa mara nyingi. Tume ya Albie Sachs, jaji wa Afrika Kusini, ilishauri mwaka 2002 viti 30 vya uwiano wa kura. Muswada wa 2018 wa kuubadili mfumo huo haukufika hata kupigiwa kura, kwa kuwa serikali haikuwa na robo tatu ya wabunge inayotakiwa kurekebisha katiba. Muungano ulioshinda 2024 uliivuka robo tatu hiyo kwa mbali. Ila ni wale wale waliovuna viti vyote 60 kwa kura zinazozidi asilimia 60 kidogo tu, na mfumo wa uwiano ungewanyang'anya sehemu ya mavuno hayo. Wakimfuta mshindwa bora bila kuweka uwiano, matokeo kama ya 1982, 1995 na 2024, ambapo viti vyote 60 vilikwenda upande mmoja, yangewabakiza wabunge wawili wa Rodrigues pekee nje ya kundi la washindi.